Pickup za Muziki Mzito

Wenzangu, someni hii halafu mniambie kama nina haki ya kukasirika.

Gitaa langu ni la mahogani, sauti yake imejaa sana huko chini. Nilitaka pickup mpya, vile visumaku vya kunasa sauti ya nyuzi, zenye makali.

Binamu yangu Wafula alikuwa anaenda Nairobi. Nikamwambia aniletee za muziki mzito, kama ule wa kaseti zangu.

Leo amefika na pickup za gitaa la besi. Hata hazitoshei kwenye tundu, na shoo ni kesho.

Nikamuuliza alichagua vipi.

"Nilizishika zote. Hizi ndizo nzito."

Wafula anafanya kazi kwenye mizani ya miwa. Nilisahau.

"Na sauti hukusikiliza?"

"Kwani? Sisi miwa hatuonjangi. Tunapimanga tu."