Mikono Iliyokwisha Kuoshwa

Kwetu visiwani mdogo hampiti mkubwa hivi hivi. Unasimama, unakinga viganja viwili kama mtu anayemiminiwa maji, unavitoa mbele na kusema "Kwezi!" Mkubwa anaweka mikono yake juu ya yako, anakuitikia, ndipo unaruhusiwa kuendelea na safari zako. Nilianza kufanya hivyo kabla sijajua kutembea vizuri. Na ndicho kilichokaribia kunikosesha uuguzi.

Nilitoka Mutsamudu kwenda Moroni kusomea kazi hiyo zama za Wafaransa, wakati wauguzi wasichana tulihesabika kwa vidole. Bibi yangu, tuliyemwita Koko, hakutaka kusikia. Alisema msichana anayeshinda akifunua miili ya watu atarudi nyumbani mkavu wa macho. Nililia siku tatu, nikagoma kula (ila nyuma ya jiko nilikula, nakiri), mpaka akalegea. Lakini aliniwekea masharti mawili.

"Ukishindwa mtihani, unarudi unaolewa. Ukifaulu ukaja hapa umesahau adabu, mimi usinijue."

Basi, Moroni! Nilikuwa na miaka kumi na minane na kila kitu kilinichekesha. Kofia nyeupe iliyokataa katakata kukaa kichwani. Wenzangu waliocheka lafudhi yangu ya kisiwa chetu cha Ndzuani mpaka nao wakaanza kuisema. Rafiki yangu, binti wa Ikoni, aliyezimia siku ya kwanza kwa kuona damu, na siku ya pili akamgombeza mgonjwa aliyezimia. Asubuhi tulikuwa wodini, mchana darasani, tukikariri majina ya mifupa kwa Kifaransa huku tunayumba kama tuko chuoni tunasoma Kurani. Tulijifunza sindano kwa kudunga mapapai, hadi mpishi wa hospitali akalalamika kwamba matunda yake yanavuja. Waliofaulu vizuri waliweza baadaye kupelekwa Madagaska kusomea zaidi. Mimi nilitaka cheti cha kwanza tu, nisirudi kuolewa.

Mtihani wa vitendo ulikuwa sindano ya makalio, mbele ya daktari Mfaransa, mrefu, asiyejua kucheka. Sheria yake ilikuwa nyepesi: ukishaosha mikono hadi viwikoni, hugusi kitu isipokuwa vyombo vilivyochemshwa. Ukigusa, unaosha upya. Ukigusa mara ya tatu, umeanguka.

Mgonjwa wangu alikuwa bibi mmoja wa Itsandra, mwenye jipu mguuni na ulimi mkali. Nilimsalimia kwanza, vizuri kabisa, halafu nikaosha. Nageuka, mikono inachuruzika maji, mara dada yake mkubwa anaingia na sufuria ya wali na samaki. Akaitua chini, akaninyooshea mikono. Wallahi sikuamua mimi, mikono ilikwenda yenyewe.

"Kwezi!"

"Rudia," akasema daktari.

Nikaosha tena, nasugua kama nasugua masizi. Shangazi yao akaingia.

"Kwezi!"

"Rudia. Ni ya mwisho."

Binti wa Ikoni, aliyekuwa akingoja zamu yake pembeni, alijifunika uso kwa daftari, mabega yanamcheza. Nikaosha mara ya tatu. Hapo mlangoni wakatokea vikongwe watatu kwa mpigo, nyuso zimepakwa liwa, kwa sababu habari ilikuwa imefika Itsandra kwamba leo makalio ya jamaa yao yanafanyiwa mtihani, na jambo kama hilo halikosi watazamaji.

Mikono sita ikaninyookea. Nikiwapa yangu, nimeanguka, naolewa. Nikiwapita, Koko hanijui tena. Nikapiga magoti sakafuni, mikono nimeinua juu, nikainamisha kichwa mbele yao.

"Kwezi! Kwezi! Kwezi! Wekeni kichwani, mama zangu, mikono hii ni ya sindano!"

Kisha mgonjwa akapaza sauti kutoka kitandani.

"Mguseni kichwa mtoto wa watu aje anidunge! Niko wazi muda wote huu, napigwa na upepo!"

Wodi nzima ikaangua kicheko. Viganja vikanishukia kichwani, kofia ikaruka, nikasimama na kudunga pale pale panapotakiwa. Daktari aliandika kwa muda mrefu huku ametugeuzia mgongo, anatazama dirishani, mabega nayo yakimcheza. Nilifaulu. Jina langu lilikuwa la mwisho kwenye orodha, lakini lilikuwemo! Nilikimbia hadi sokoni na kurudi, bila haja yoyote ya kwenda sokoni.

Nikapangiwa kazi Mutsamudu, katika chumba kidogo cha sindano. Koko alinipokea nyumbani, akanilisha, lakini la adabu hakulisema, akawa ananitazama tu. Wiki ya pili, nimetoka tu kuosha mikono, akaingia kazini kwangu amejitanda shiromani lake jekundu, kifua kimembana. Mikono yangu ikaanza kwenda. Yeye akaificha yake ndani ya shiromani.

"Irudishe," akasema. "Habari za Moroni zilinifikia. Iache ifanye kazi kwanza."

Nikamdunga. Aliniita nyigu, aliniita muuaji, akamlaani aliyebuni sindano. Alipokwisha kujifunga nguo, nikakinga viganja kutoa kwezi yangu iliyochelewa. Koko hakuweka mikono yake juu. Aliipitisha chini ya yangu, mahali pa mdogo, akaikinga hapo, na mikono yangu inanuka spiriti. Nililia huku nacheka, nikaona haya, nikafurahi mpaka nikahisi nitapasuka.

Kisha akaniuliza sindano ya pili ni lini.