Sahani za Chini ya Kitanda

Juzi mjukuu wangu aliangusha sahani ya bati jikoni. Ikazunguka kwenye saruji, ikalia, ikanyamaza. Mimi nikabaki nimesimama na mwiko mkononi, nangoja kikohozi. Nimezeeka, lakini bati likigongana bado nangoja kikohozi.

"Koko, tuitupe hii, imekula kutu," akasema mtoto.

Nikamwambia aanze kutupa nguo zake, kisha tutazungumza habari ya sahani yangu. Zamani ilikuwa na maua mekundu. Sasa ukingo umebanduka rangi, na ua moja tu ndilo linaonekana. Lakini kaeni kidogo niwaambie ilivyofika kwangu.

Miaka ile Kalemie, mji wetu wa kando ya ziwa, iliitwa Albertville, nasi tulikaa kambi ya reli. Papa alifanya kazi ya breki kwenye treni ya Kabalo, na akiondoka zilipita siku nyingi kabla hatujamwona tena. Mulango wa kuume alikaa Mama Mwajuma, Mwislamu ambaye babu zake walivuka ziwa na biashara yao. Wa kushoto alikaa Mama Kabange, Muluba wa Kabalo, mwenye sauti ya kutosha kusimamisha treni. Mama yangu alitoka Mpala. Alikuwa mpole kabisa, na kiburi chake kilikuwa kimoja tu, nacho kilikuwa cha sahani.

Pale kambini sombe, majani ya muhogo, ikiiva, hukuila peke yako. Ulijaza sahani, ukaifunika, ukamtuma mutoto kwa jirani. Jirani naye alipoirudisha, alitia kitu ndani. Mama alitia ndagala, dagaa wa ziwani, au ndizi mbili, na siku za shida alitia chumvi kidogo kwenye jani. Alinifundisha hayo huku akiisugua sahani ya watu kwa majivu mpaka ing'ae.

"Adela, sahani ya muntu hairudi tupu. Ikirudi tupu, inatangaza kama nyumba imekufa."

Nilikuwa na miaka tisa. Mtoto wa miaka tisa hajui kwamba wakubwa husema maneno makubwa kwa mambo madogo. Nililichukua neno lile zimazima.

Mvua zilipoanza, Mama akashikwa na kifua. Dawa ya hospitali ilimpa nafuu kidogo, kisha akalala, akawa haamki tena kwenda shambani wala sokoni. Papa alipokuwa safarini tulibaki wawili, na jikoni mulikuwa na majivu tu. Ndipo sahani zikaanza kuja. Ya kwanza ilikuwa hii, ya Mama Mwajuma, imejaa wali na kipande cha samaki. Mama alimeza vijiko viwili. Mimi nilikula vyote vilivyobaki, nikaisugua sahani kwa majivu, nikatafuta cha kutia. Nilipekua mitungi, nikachungulia gunia. Hakukuwa na kitu, hata chumvi.

Basi nikaisukuma chini ya kitanda cha Mama. Kesho yake ikaja ya Mama Kabange, bukari, ugali wetu, na mboga ya lenga-lenga yenye mawese. Nayo nikaisukuma kule kule. Kila jioni walileta, na kila asubuhi nilificha. Niliamini, ninyi mnaonisikiliza, niliamini kwa moyo wangu wote kwamba siku nitakayorudisha sahani tupu, Mama atakufa. Nilikuwa namulinda. Nikisikia viatu vya Mama Mwajuma nje, nilijificha nyuma ya mulango, na maji nilikwenda kuchota robine ya mbali ili nisikutane nao. Ajabu, hakuna aliyeniuliza. Mama Kabange, ambaye aliuliza hata kuku wa watu walilala wapi, alisema tu, "Mama ameamka aje?" kisha akaweka sahani nyingine.

Kile kitanda kilikuwa cha kamba, na kamba zilikuwa zimelegea. Siku moja Mama akaniita, akanishika mkono. Mkono wake ulikuwa wa moto.

"Adela, sahani za bantu unarudisha?"

"Ndiyo, Mama."

"Unatia nini?"

"Ndagala."

Akanitazama kitambo. "Vizuri, mwanangu," akasema, akageukia ukuta. Nikatoka nje nikalia, kwa sababu sikuwahi kumudanganya Mama kabla ya siku ile.

Alikufa asubuhi moja, mvua ikinyesha, Papa akiwa bado Kabalo. Wanawake wakaja kutayarisha nyumba kwa kilio. Wawili wakainua kitanda. Sahani zote zikaonekana pale, zimepangwa, zinang'aa. Nami nikapiga kelele, "Sikurudisha tupu! Hata moja sikurudisha! Kwa nini amekufa?"

Loo, yule Mama Kabange mwenye sauti, siku ile sauti yake ilimkimbia. Mama Mwajuma ndiye aliyeketi chini, akanivuta mapajani mwake, akalia nami mpaka kanga yake ikalowa. Hakunisema. Kilio kizima, waombolezaji walikula bukari kwenye sahani zile.

Kilipokwisha, kila mwanamke akachukua yake. Mama Mwajuma akaosha hii ya maua, akaniwekea mikononi.

"Hii njo yako sasa. Ukisikia njaa, kuja nayo. Kwangu haitatoka tupu."

Mama Kabange akadakia, "Na kwangu vilevile. Ukipita mulango wangu bila kuingia, nitakuchapa!"

Basi nikalelewa na sahani. Mwezi wa Ramadani nilifuturu kwa Mama Mwajuma, Jumapili Mama Kabange alinisuka nywele kwa nguvu akanipeleka misa. Papa akishuka kwenye treni, alikuwa anapita nyumba kwa nyumba akiuliza, "Mutoto wangu leo analala wapi?" Nyumba ya Mama ilifungwa ndani yangu, na maumivu yake sijapona. Lakini sikuwahi kulala nje, na kwa hilo nawashukuru mpaka leo, wao na vizingiti vyao.

Nilipokuwa mtu mzima, mtoto wa Mama Mwajuma alinicheka. "Adela, wewe! Mvua zile sisi tulikula kwa zamu kwenye kifuniko cha chungu. Sahani zote zilikuwa kwenu, na Mama aliapa atakayezidai atamkata ulimi." Nilicheka naye, kisha nikashindwa kucheka.

Wao walijua, basi. Hilo nimelikubali. Lingine lilichelewa zaidi, lilinijia nikiwa mimi mwenyewe naumwa, nimelala kwenye kitanda kilicholegea, nikikohoa. Kile cha Mama kilikuwa karibu kugusa sakafu. Kila alipokohoa, kamba zilishuka, na sahani zikagongana chini ya mgongo wake. Usiku na mchana alikuwa anazisikia. Alizisikia siku ile alipokuwa amenishika mkono, nikimwambia ndagala.