Gari Lisilo na Tundu la Hendeli

Anayetaka kucheka acheke, lakini haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, jua liko utosini, sijalewa wala sina homa. Tena shahidi ninaye, yuko Makuyuni mpaka leo, mzima wa afya. Shahidi huyo ni mama mkwe wangu. Sasa niambieni, mwanamume mwenye akili timamu atamsingizia mama mkwe wake mambo ya mizimu?

Nianze na gari, kwa sababu bila lile gari nisingepatwa na lolote. Ilikuwa miaka ile mitumba ilipofunguliwa milango: nguo mitumba, viatu mitumba, na magari ya saluni ya Kijapani yakishuka bandarini kama mvua. Mimi nilikuwa na Landrova yangu kuukuu, pikapu, isiyo na siri. Dirisha unazungusha kwa mkono. Betri ikifa unachukua hendeli, unaiingiza kwenye tundu pale mbele, unazungusha mara mbili tatu, chuma kinanguruma. Ikiharibikia porini unaitengenezea hapohapo porini, kwa bisibisi na kipande cha waya. Mke wangu, Mwanaidi, alikuwa akipakia mahindi na maharage yake humo kila wiki, tunateremka naye sokoni Korogwe.

Nikaiuza. Sikumwambia. Jioni nikarudi nyumbani Misima na saluni nyeupe inang'aa kama sahani ya wageni.

Jamani, lile gari lilikuwa na maneno! Ukiliwasha, mwanamke anaongea Kijapani humo ndani, sauti tamu, hujui anakukaribisha au anakutukana. Ukiacha mlango wazi, linalia. Ukisahau taa, linalia. Mtu akikaa kiti cha mbele bila kufunga mkanda, linalia tii, tii, tii, mpaka meno yanauma. Siku moja niliweka mfuko wa maharage kwenye kiti kile, nalo likalia! Ikabidi niyafunge maharage mkanda, watu wa Korogwe wamesimama wananitazama. Madirisha ni vitufe. Milango ni vitufe. Hata vioo vya pembeni ni vitufe! Mkono wa mtu umebakiwa na kazi gani basi? Na kila nikienda kwa fundi anafungua boneti, anakodoa macho, anasema, "Bosi, hii ni kompyuta." Taa haiwaki, kompyuta. Honi imekauka, kompyuta. Mwisho akanifungia alamu ya wezi, na tangu siku hiyo milango ikakataa kabisa mkono wa binadamu. Ikawa inasikia kitufe tu, na gari likianza kwenda inajifunga yenyewe.

Mwanaidi alilitazama mara moja tu. Akauliza, "Na maharage yangu yatapanda wapi?" Nikajifanya mkali. Kesho yake akafunga kanga zake, akarudi kwao Makuyuni.

Nikatuma wazee. Wakarudi na neno hili: mama mkwe atakuja mwenyewe Misima kuzungumza na mama yangu, na nimfuate mimi, kwa gari hilohilo la ugomvi. Akiridhika, mke anarudi. Asiporidhika, niandike talaka. Nisiwafiche, nilikuwa nampenda yule mwanamke. Chakula kilikuwa hakipiti kooni.

Sasa mjue kwamba kwetu mtu na mama mkwe wake hawazoeani. Hamtazamani usoni, hampeani mkono, hamsemeshani ana kwa ana. Akiwa na neno, linapita kwa mtu wa tatu. Nami kwa kiherehere changu nikasahau kubeba mtu wa tatu.

Tukatoka Makuyuni hivyo, sisi wawili. Yeye nyuma, kanga imeshuka mpaka kwenye nyusi, amegeukia dirishani. Mimi mbele, kioo cha ndani nimekigeuza kitazame paa nisije nikamwona. Mfuko wake wa maharage, zawadi anayompelekea mama yangu, uko kiti cha mbele na mkanda wake. Akitaka kitu anakohoa. Akakohoa, nikapunguza mwendo. Akakohoa tena, nikafungua dirisha, vumbi likajaa. Akakohoa kweli sasa. Nikafunga. Tulikwenda hivyo mpaka tukaipita Korogwe, shati limenilowa mgongoni, na ndoa yangu iko mikononi mwa mtu nisiyeweza kumuuliza hata kama ana kiu.

Tulipokuwa tumeshaingia vizuri njia ya vumbi ya Handeni, nyumba hakuna, kivuli hakuna, ndipo nikamwona mzee amesimama kando ya barabara. Ovaroli ya kaki, kofia iliyopauka, na mkononi ameshika hendeli. Akapunga mkono.

Mtu mwingine angejiuliza mzee huyu katoka wapi saa saba ya mchana na chuma mkononi. Mimi nilifurahi kama nimemwona ndugu. Mtu wa tatu huyo!

Nikasimama. Nikafungua mkanda wa maharage, nikaunyanyua mfuko na kuupeleka nyuma bila kugeuza uso, mama mkwe akaupokea. Niliporudisha macho mbele, mzee keshakaa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Misima hiyo," akasema, wala hakuuliza.

Nikamwomba afunge mkanda. "Mkanda wa nini? Nimeendesha malori ya mkonge mpaka meno yakaniisha, sijafungwa kamba kama mbuzi." Nikamwacha, nikasubiri gari lianze kelele zake. Halikulia. Nikasema moyoni, alhamdulillahi, leo limeshika adabu. Mjinga mimi!

Mzee akawa anapapasa mlango. "Cha kuzungushia dirisha kiko wapi?"

"Ni kitufe, mzee."

"Na kitufe kikifa?"

"Hakifi."

Akanitazama kwa huruma. "Mwanangu," akasema, "hata mimi nilijiona sifi."

Nikadhani ni utani wa wazee. Nyuma, mama mkwe akakohoa, kisha nikaisikia sauti yake vizuri kwa mara ya kwanza tangu nioe.

"Mzee, mwambie mkwe wangu anaendesha vibaya."

"Mama anasema unaendesha vibaya."

"Mwambie nimesikia."

"Amesikia. Mama anasema umekonda."

"Mwambie chakula hakipiti."

Mazungumzo yakashika njia, jamani! Nikaanza kupumua. Ndipo likaja lenyewe.

"Mzee, muulize kwa nini aliiuza Landrova bila kumwambia mwanangu."

"Mwambie ilikuwa mbovu," nikasema haraka.

Mzee hakulipitisha. Akatazama barabara. "Ile ya kijani," akasema, "mlango wa kushoto umefungwa kwa waya? Ilikuwa inapita hapa kila wiki. Haikuwa mbovu. Sema tena."

Nywele zilinisimama. Amejuaje waya wa mlango wangu? Lakini swali lilikuwa limeshaulizwa, na kurudi kwa mke wangu kulikuwa kumening'inia hapo.

"Mwambie niliona aibu," nikasema. "Wenzangu Korogwe wanashuka kwenye saluni, mimi nashuka kwenye debe linalonuka mbuzi. Nilitaka nionekane mtu. Na Mwanaidi sikumwambia kwa sababu nilijua atakataa, na nilijua atakuwa na haki."

Mzee akalipitisha lote, neno kwa neno. Hata pale sauti yangu ilipokwama, na yake ikakwama palepale.

Kisha mama mkwe akasema, "Mwambie nimesikia. Basi, mzee, nishikie haya maharage, yananiumiza magoti." Mfuko ukapita begani kwangu, ukatua mapajani mwa mzee.

Tii! Tii! Tii! Tii!

Niaminini, damu ilinikauka. Lile gari lilikuwa limeyasikia maharage. Mtu mzima na ovaroli yake amekaa mwendo wote ule, halikumsikia! Nikatupa jicho. Mfuko umetulia juu ya kiti, na mzee naye amekaa palepale ulipo mfuko.

Nikakanyaga breki kwa miguu yote miwili. Nikabonyeza kitufe cha milango. Kikasema tk, taa zote zikazimika, yule mama wa Kijapani akaanza sentensi akaiachia njiani. Gari limekufa. Milango imefungwa, vioo vimefungwa, na jua la Handeni linatupika humo ndani kama viazi: mimi, mama mkwe na marehemu.

Nilitaka kupiga kelele kwamba huyu si mtu. Lakini nitamwambiaje mama mkwe, na wa kunipitishia maneno ndiye huyohuyo? Nimwambie, "Samahani mzee, mfahamishe mama kwamba wewe umekufa"?

Hofu ikashinda mila. Nikageuka nikamtazama mama mkwe usoni, macho kwa macho. "Mama! Huyu si mtu!"

"Mwe! Najua," akasema, anajipepea kwa ncha ya kanga. "Mlango hukumfungulia. Nimejua tangu alipokaa."

"Na ukanyamaza?"

"Nilikuwa na maneno yangu. Mwingine wa kuyapitisha alikuwa nani?"

Mzee akacheka mpaka akakohoa. Kisha akashuka. Msiniulize alishukaje, mlango haukufunguka. Tukamwona yuko mbele ya gari na hendeli yake, amefurahi kama mtu aliyeitiwa kazi anayoiweza. Akainama. Akapapasa bampa kulia, akapapasa kushoto. Akapiga magoti, akachungulia chini. Akaja kwenye kioo changu.

"Tundu liko wapi?"

"Halina, mzee."

"Hata la akiba?"

"Hata la akiba."

Nimeona wafiwa wengi, lakini marehemu mwenye majonzi kiasi kile sijamwona. Akatikisa kichwa. "Mnanunuaje kitu kisichomruhusu mtu kuwasaidia?" Akaisukuma ile hendeli ndani, ikapita kwenye kioo na kioo hakikupata hata ufa, ikaanguka juu ya maharage kwa kishindo. Chuma cha kweli, kizito. Naye akaondoka zake kuelekea vichakani, anaongea peke yake.

Mama mkwe akainyakua. "Inama," akaniambia. Nikainama. Pu! Kioo cha mlango wa nyuma kikamwagika barabarani.

Nikapenya mimi kwanza. Lakini yeye mtu mzima angeshukaje? Kumshika mkono ni mwiko. Nikajikunja chini ya dirisha, nimefumba macho, akanikanyaga mgongoni akashuka. Mama mkwe wangu si mwepesi. Mpaka leo baridi ikiingia, hapa kiunoni panauma.

Akatokea Mmasai na ng'ombe wake, akatusalimu, akaitazama hendeli. "Mzee wa hendeli kawafanya nini leo?" akauliza. "Kila siku anawashia watu magari, anaondoka anaimba. Leo kanipita anatukana."

Tukatembea mpaka Misima, mama mkwe mbele na chuma chake, mimi nyuma na maharage. Mama yangu akatupokea, akauliza habari za safari. "Nzuri," mama mkwe akajibu. "Tulizungumza." Wazee waliokuwa ukumbini wakatazamana. Ilibidi nitoe mbuzi kwa kumtazama na kumsemesha, na wazee wakabishana mpaka usiku kama kukanyagwa ni kosa langu au lake. Yeye hakuwangojea. Tangu siku ile ananisemesha moja kwa moja, na maneno aliyokuwa ameyaweka tangu harusi bado hayajaisha.

Lile gari nililirudia na fundi. Akafungua boneti, akasema ni kompyuta. Nikaliuza likiwa linavutwa kwa kamba. Landrova yangu sikuipata tena, aliyeinunua hataki hata kusikia. Nilitafuta pikapu nyingine kuukuu, na kabla ya kuuliza bei nilipiga magoti mbele yake kuhakikisha tundu lipo.

Jumamosi Mwanaidi akaja. Akasimama mlangoni, mzigo bado uko kichwani. "Mama ameniambia ulichosema njiani," akasema. "Hebu kiseme mwenyewe." Nikakisema chote, ile aibu, ule woga, na kwamba haki ilikuwa yake. Kilikuwa kigumu kuliko kumwambia yule mzee. Akanisikiliza mpaka mwisho, akatua mzigo.

"Ungeniambia mimi siku ileile," akasema, "mzee wa watu angeachwa apumzike." Akaingia ndani.

Basi nanyi mnaopita njia ya Misima jua likiwa utosini, mkimwona mzee wa ovaroli amepunga mkono, simameni. Hana ubaya, wallahi. Lakini kabla hujaondoka nyumbani, jikague: kuna jambo gani hujamwambia mwenzako? Limalize hukohuko. Yule mzee ukimdanganya hakupigi wala hakutishi. Anatazama barabara tu, anakwambia, "Sema tena." Na wewe, ndugu yangu, utasema.