Mia Mbili Sabini na Tatu

Fundi cherehani yule aliolewa na mwalimu wa kemia, na kemia ndiyo doa pekee kwenye cheti chake. Chuo cha uuguzi hakikumtaka bila somo hilo. Alipojiandikisha kurudia mtihani, watu walisema amekaa juu ya kisima, kiu ya nini tena? Mumewe alikubali kumfundisha jioni, mama mkwe, aliyepooza upande mmoja, akishaogeshwa na kulazwa.

Myeyusho aliuelewa upesi. Chumvi gramu kadhaa, maji lita kadhaa, kila lita imebeba kiasi gani; kwake ilikuwa kama kupima kitambaa. Gesi ndizo zilizomtoa jasho. Mume akamrahisishia: halijoto ikipanda, ujazo nao unapanda, basi chukua namba za halijoto kama zilivyo, gawanya, zidisha. Siku moja aliuliza mbona majibu yanatoka makubwa hivyo. Mume akamwambia gesi haina adabu, wakacheka wote wawili.

Mtihani ulijaa gesi tele. Alijibu maswali yote, akatoka anatabasamu. Nje, watahiniwa wenzake walikuwa wakilinganisha majibu: gesi lita tatu, ikapashwa kutoka nyuzi ishirini na saba hadi mia moja ishirini na saba. Kila mtu alikuwa na lita nne. Yeye alikuwa na kumi na nne na ushee. Msichana mmoja akamuuliza kwa upole, kwani hakuanza kwa kujumlisha mia mbili sabini na tatu kwenye kila halijoto? Hilo, alisema, ndilo wanalofundishwa kabla ya yote.

Kikulacho ki nguoni mwako, na mshonaji huyu alikuwa hajawahi kupekua nguo zake mwenyewe.

Nyumbani alimkuta mume anasahihisha kazi za wanafunzi. Akamuuliza kama alisahau.

"Sikusahau," mume alisema, kalamu ikiendelea kutembea. "Ungefaulu, mama ungemwachia nani?"

Matokeo yalipotoka, ndugu wa mume walikuja kutoa pole. Mume akawaeleza kwamba amejitahidi mpaka sauti ikamkauka, ila kichwa cha mkewe ni nazi, tena kavu. Wakacheka. Wifi mkubwa akampigapiga begani, akamwambia asijali, si kila mtu kaumbiwa vitabu.

Mama mkwe akaita kutoka chumbani, amejichafua. Mke akainuka, akajaza maji kwenye beseni, akaenda kumgeuza.