Vifuko vya Mchanga wa Koyama

Barke haachi kitu kipite bila kukigeuza aone chini yake kuna nini. Mtaani kwao Kismayu wanamjua: akinunua sufuria huigonga kwanza, na kitambaa hukivuta mpaka mwenye duka amwombe akionee huruma. Basi mpwa wake Fardowsa, anayeishi Uswidi, alipomtumia video ya majirani zake wakirusha vifuko uani vitumbukie kwenye tundu la ubao, watu nyumbani walicheka. Barke aliuliza: vifuko vile ndani mna nini?

Hakuuliza kwa mchezo. Mumewe Fumo, nahodha mzaliwa wa kisiwa cha Koyama, alipatwa na kiharusi, na mkono wa kulia ukabaki mzito kama wa kuazima. Daktari alisema mkono upewe kazi, la sivyo utasahau. Fumo aliukataa mpira wa kubonyeza, akasema hayo ni mambo ya watoto wachanga. Lakini kulenga shabaha, pengine mwanamume yule angekubali.

Barke akaanza kuchagua. Ubao aliupata kwenye mlango wa zamani, akaupiga msasa mpaka kiganja kikapita bila kukwama, maana kwenye video aliona kifuko kinateleza kabla ya kutumbukia. Kitambaa akachukua cha tanga kuukuu, akakishona kwa uzi wa nyavu. Cha kujaza ndicho kilichomsumbua. Mchele ni israfu. Mahindi aliyajaribu, panya wakamshukuru. Mwishowe akaagiza mchanga wa ufukwe wa Koyama, mweupe na laini, kwa sababu alitaka mumewe ashike kwao mkononi. Alijiona amepatia kweli.

Na Fumo alikolea. Asubuhi baada ya chai aliketi uani akarusha, na vifuko vikaanza kutumbukia. Akaanza hata kujisifu. Kisha zikaja siku za mawingu na unyevu, navyo vikaanza kufia njiani. Kilichobahatika kufika ubaoni kilinata pale pale.

"Mkono huu si wa mchu hai, Mama Hanan," Fumo alimwambia mkewe kwa lahaja ya kwao, yaani si wa mtu hai. "Mwite Abdulrazaq aje achukue mashua yangu. Iwe yake kabisa."

Abdulrazaq ni mtoto wa dada yake Fumo, mvuvi mwenye familia yake kisiwani. Barke alimpigia simu. Alijua mashua ikiondoka, Fumo hatainuka tena kwenye kile kiti.

Adhuhuri ile jua lilipenya mawingu, likawaka. Barke alikwenda kuviondoa vifuko juu ya ukuta, vilikoachwa kila siku, na kwa udadisi tu akarusha kimoja. Kikateleza, kikatumbukia. Akaviacha pale pale nje. Kesho yake alfajiri akarusha tena kwa nguvu zile zile. Kikatua ukingoni mwa ubao, kikanata.

Alisimama akikitazama. Mkono wake huu huu unaobeba ndoo za maji, una nini? Akakiokota, akakinusa, akakigusa kwa ulimi. Kikamwasha kwa chumvi. Akaenda jikoni akafunua kopo la chumvi: imelowa na kushikana, kama kila msimu wa unyevu. Tangu utotoni anakausha papa kwa chumvi, na bado ameshona mchanga wa bahari bila kuuosha, akauacha nje unywe umande! Alijitukana kwa sauti.

Abdulrazaq alipofika asubuhi hiyo, Fumo alikuwa kitini, uso ameugeuzia ukuta. Barke hakuwapa nafasi hata ya kujuliana hali. Alichukua kifuko, akarudi nyuma, akarusha. Kikaanguka kabla ya ubao. Akarusha cha pili kwa hasira, nacho kikanata ukingoni.

Fumo alimtazama mkewe, akautazama ule mkono mnene wa kubebea ndoo, akavitazama vifuko.

"Mama Hanan," akasema polepole, "na weye umepooza?"

Hakuna aliyewahi kuthubutu kulitamka neno hilo ndani ya nyumba ile. Alilitamka mwenyewe, kisha akacheka mpaka machozi yakamtoka, na Barke naye akalia waziwazi.

"Ni chumvi, Baba Hanan," akasema. "Mchanga umelowa. Mkono wako mzima, unarudi."

Abdulrazaq alikohoa. "Mjomba, na ile mashua?"

"Mashua gani?" Fumo akamjibu. "Teka maji. Kuna mchanga wa kuosha."