Maji ya Kombe

Mume wangu, kuli wa bandarini mwenye kifua kama mlango, aliharisha wiki tatu hadi akawa anashika ukuta kwenda msalani. Tulikuwa tunakaa Mtoni, Mwingereza angali anatawala. Mimi nilishuku dagaa waliochacha. Mama mkwe akampa haluli ya kusafisha tumbo, mume wangu akazidi kuendesha. Ndipo tukamwita maalim wetu, akaandika aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, akaziosha kwa maji ya kisima chetu cha mtaa, na mgonjwa akawa anakunywa kombe hilo asubuhi na jioni. Alikuwa anakwisha huku namwona. Niliogopa sana.

Nikaenda zahanati peke yangu, maana yeye hawezi tena kutembea. Mganga akaniuliza: kuna damu? Makamasi? Homa? Amekunywa dawa gani? Akasema tumbo la mtu mzima huendeshwa na mengi, chakula kilichoharibika, minyoo, hata hiyo haluli yenyewe, kwa hiyo yeye habahatishi. Alitaka choo cha mgonjwa kingali cha moto. Nilikikimbiza kwenye kikopo chini ya kanga, nikiomba nisikutane na jirani.

Aliweka tone chini ya darubini, akanisogeza. "Tazama, mama."

Niliona kitu kama ute. Kikajisukuma mbele, kikatoa mguu ambao kabla hakikuwa nao. Mwili ukanisisimka wote. Mwanamume wa kubeba gunia la mchele kwa bega moja alikuwa anauawa na kitu ambacho jicho langu halikioni. Sijastaajabu vile tena maishani.

"Mdudu huyu huingia kwa maji," akasema mganga. "Mnachota wapi?"

Kisima chetu kilikuwa hatua kumi kutoka choo cha shimo. Nikakumbuka kombe. Kila tulipomtibu, tulikuwa tunamnywesha mdudu yule.

Sindano zilianza siku ile ile, mganga akizileta nyumbani, kuhara kukapungua. Lakini mume wangu aliapa haachi kombe, na tukiendelea na maji yale angerudi palepale. Nikaenda kwa maalim, nikamwamkia shikamoo, nikaeleza yote nikitazama mkeka. Nikajua nafukuzwa.

"Aya hazina kosa, mwanangu," akasema maalim. "Maji nimeyachota mie. Kuanzia leo uyachemshe kwanza, ndipo uniletee."

Nikainuka kuaga. Akatazama mlangoni, akashusha sauti.

"Na hicho kikopo chako, unacho bado? Mie tumbo leo siku ya tisa."