Kiprugut na Nguzo Zilizokataa Kuonekana

Kiprugut alikuwa fundi wa seng'enge kwenye mashamba ya Njoro, na ng'ombe aliyepita ua wake alikuwa hajazaliwa. Kisha mtoto wa jicho akamwingia macho yote mawili, hata kikombe cha chai akawa anakitafuta kwa kupapasa.

Mwaka wa 1955 Daktari Vasani, wa hospitali moja mjini Nakuru, akampasua jicho la kulia. Mwanga ukarudi. Kiprugut akavaa miwani minene na kurudi kazini mbio, lakini hapo akakutana na ajabu: nyaya zilizolala aliziona vizuri, nguzo zilizosimama zikawa ukungu mtupu. Akapigilia msumari hewani.

Akamrudia daktari. "Nyaya ninaziona. Nguzo zimekataa."

Daktari alisogeza kiti karibu. Badala ya kuudhika, alichangamka.

"Sikiliza, mzee. Kioo cha mbele cha jicho ni mviringo kama mpira. Nilikikata juu, pembeni, mkato mrefu, nikaufunga kwa nyuzi chache. Kovu likalegea, na sasa mpira wako umekuwa kama yai. Ndiyo maana mistari ya upande mmoja inakaa sawa na ya upande mwingine inapotea."

"Kumbe nimelegezwa," Kiprugut akasema. "Na hili la kushoto?"

"Nitakata pafupi kidogo, nishone kwa hariri nyembamba, nyuzi nyingi zaidi. Sikuahidi kitu, lakini nina hamu ya kuona."

"Kata leo."

Hakukatwa siku hiyo, ila hakungoja sana. Baada ya upasuaji alilazwa chali, macho yote yamefungwa, mifuko ya mchanga imebana kichwa asigeuke. Mkewe, Cheptanui, alimlisha uji kwa kijiko na kumkemea kila alipojaribu kuinuka.

Jeraha lilipokauka, baada ya majuma kadhaa, daktari akamkalisha mbele ya dirisha na kumjaribia vioo, kimoja baada ya kingine. Kwenye kioo kimoja Kiprugut akashika mkono wa kiti. Vyuma vya dirisha vilikuwa vimesimama wima, vyembamba, kila kimoja peke yake.

"Saba," akasema. "Daktari, ni saba. Na kile cha mwisho kimepinda."

Daktari akaenda mwenyewe kukigusa kile chuma. Kilikuwa kimepinda kweli. Akacheka, akamtilia kile kioo kwenye miwani yake, kisha akaagiza Nairobi kioo maalumu cha kusahihisha lile jicho la kwanza.

Njia nzima ya kuelekea stesheni Kiprugut hakunyamaza. Alitaja milingoti ya simu, miguu ya punda, mistari ya koti la mtu aliyekuwa ng'ambo ya barabara.

"Baba Chelangat, punguza sauti," Cheptanui akamwambia. "Watu wanatuangalia."

"Waache. Hata mimi ninawaangalia."